Dawa Zitoazo Monoksaidi ya Naitrojeni na Ukondefu wa Mifupa

Katika makala haya tunakusudia kujadili istilahi za ugonjwa wa mifupa ambao madaktari huuita osteoporosisi, pamoja na dawa za jamii moja zilizodhaniwa kuwa zingeweza kuutibu. Tutaeleza dhana kwanza, kisha majina. Maana jina lililotangulia dhana ni kama kanzu iliyoshonwa bila mvaaji kupimwa.

Mfupa ulio hai haukai katika hali moja. Seli za aina moja huubomoa kidogo kidogo, na za aina nyingine huujenga upya. Umri unapoongezeka, na hasa mwanamke anapokoma hedhi na homoni ya estrojeni ikapungua, ubomoaji huushinda ujenzi. Umbo la mfupa husalia, lakini mada yake hupungua, hata mtu akianguka kidogo tu huweza kuvunjika nyonga au pingili ya uti wa mgongo.

Wako wauitao ugonjwa huu “udhaifu wa mifupa”. Jina hilo ni pana mno, kwani hata mifupa iliyolainika kwa kukosa vitamini D ni dhaifu. Wengine huuchanganya na baridi yabisi, ambayo hushika viungo na kuuma, ilhali ugonjwa huu kwa kawaida hauumi mpaka mfupa uvunjike. “Uvungu wa mifupa” nao haufai, kwa sababu mfupa mrefu wa mtu mwenye afya pia una uvungu wenye uboho. Sisi tunapendekeza “ukondefu wa mifupa”, kwani kilichokonda huhifadhi umbo lake na kupungukiwa na mada yake.

Tuje kwenye dawa. Monoksaidi ya naitrojeni ni gesi ambayo kila molekuli yake ina atomu moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni. Mwili huitengeneza wenyewe, nayo hulegeza mishipa ya damu. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa uvumbuzi uliohusu kazi yake hiyo. Kuiita “oksaidi ya naitrojeni” tu hakutoshi, kwa kuwa oksaidi za naitrojeni ni nyingi, na mojawapo ni gesi ya kuchekesha itumikayo kupunguza maumivu hospitalini. Silabi za “mono” ndizo zinazomkinga mgonjwa na kosa la mwandishi.

Naitrogliserini, iliyotumika tangu karne ya 19 kutuliza maumivu ya kifua yaletwayo na moyo, huigeuza mwili kuwa gesi hiyo. Kwa hiyo tunasema “dawa zitoazo monoksaidi ya naitrojeni”, kwani kinachomezwa au kupakwa si gesi yenyewe.

Matumaini yalikuwa na msingi. Panya waliokosa kimeng’enya kimoja kitengenezacho gesi hiyo walionekana kujenga mfupa kidogo kuliko kawaida. Lakini mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya jaribio la miaka 3 lililofanyika Marekani kwa wanawake waliokoma hedhi, na waliopakwa naitrogliserini hawakuwazidi waliopakwa dawa bandia. Mwaka 2011 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa Canada uliodai mafanikio makubwa. Miaka michache baadaye jarida hilo liliubatilisha, ilipobainika kwamba takwimu zake zilichezewa.

Hapa ndipo wajibu wa mwanaistilahi unapoanza. Katika Kiswahili, kihusishi “ya” hubeba ahadi. Asemaye “dawa ya malaria” ameshasema kwamba dawa hiyo inatibu malaria. Basi tukiandika “dawa ya ukondefu wa mifupa” juu ya naitrogliserini, tumethibitisha kwa sarufi jambo ambalo majaribio hayakulithibitisha. Mtoto atauza mbuzi amnunulie mama yake dawa hiyo, na mama ataambulia maumivu ya kichwa na kushuka kwa shinikizo la damu, mambo ambayo dawa hizi huyaleta.

Tunapendekeza basi kwamba dawa ya namna hii iitwe “dawa iliyojaribiwa kwa ukondefu wa mifupa”, na kwamba “dawa ya” iachiwe ile iliyokwisha kuthibitika. Ni maneno marefu kidogo, lakini ni ya kweli. Tunawakaribisha waganga, wauguzi na wafamasia watuletee maoni yao, hasa majina ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia.