Wanja wa manga: Urembo unaoweza kubeba sumu

Katika soko la Mutrah, mjini Muscat, wanja huuzwa jirani na ubani, udi na hina. Ni ule ule ambao watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wameuita tangu zamani wanja wa manga, Manga likiwa ni jina la kale la nchi ya Uarabuni. Tangu Lamu hadi Zanzibar, mtoto mchanga hupakwa wanja machoni na kwenye nyusi, ili macho yapendeze na ili akingwe na kijicho.

Muscat ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, baadhi zikiwa za watu walioondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Kwao desturi hiyo ina mizizi pande zote mbili za bahari. Swali ambalo wataalamu wa afya wanaliuliza ni jepesi: ndani ya kikopo kile mna nini?

Jina moja, vitu vingi

Mnunuzi huambiwa kwamba wanja halisi ni unga wa jiwe la ithmidi, yaani antimoni. Watafiti waliopima wanja uliokuwa ukitumika nchini Oman, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998, walikuta mambo tofauti. Sampuli nyingine zilikuwa masizi, nyingine zilikuwa na zinki, na nyingine kiungo chao kikuu kilikuwa galena, jiwe jeusi linalong'aa lenye madini ya risasi na salfa.

Risasi ni metali nzito, ile ile inayotumika katika betri za magari. Ikisagwa pamoja na salfa yake ikawa unga mweusi, jicho la mnunuzi haliwezi kuitofautisha na antimoni. Maabara pekee ndiyo iwezayo.

Njia tatu za madhara

Mara nyingi husemwa kwa jumla kwamba kemikali za sumu huleta saratani, huharibu vinasaba na kusababisha kasoro kwa watoto. Hata hivyo, madhara hayo matatu hayapiti njia moja.

Njia ya kwanza ni ile ya saratani. Kila chembe hai ya mwili hubeba DNA, maelekezo yanayoiongoza ikue vipi na isite lini. Sumukuvu, inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, hubadilishwa na ini ikawa kitu kinachonata kwenye DNA na kuyavuruga maelekezo hayo. Chembe ikigawanyika kabla ya kosa kurekebishwa, kosa hurithiwa na chembe mpya. Likiangukia kwenye kinasaba kinachozuia ukuaji wa ovyo, huo waweza kuwa mwanzo wa saratani ya ini. Benzini, iliyomo katika petroli, hudhuru uboho na kuweza kuleta saratani ya damu. Kwa kuwa mwili una uwezo wa kurekebisha makosa mengi, ugonjwa huchukua miaka kujitokeza.

Njia ya pili ni pale kosa linapotokea katika mbegu ya baba au yai la mama. Kinadharia laweza kupita kwa mtoto na kizazi chake. Jambo hili limethibitishwa kwa wanyama wa maabara, lakini kwa wanadamu ushahidi wake ni haba.

Njia ya tatu huanzia katika tumbo la uzazi. Mfano wake mashuhuri ni dawa ya thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyodumaa. Dawa hiyo ilivuruga ujenzi wa mwili katika wiki chache za mwanzo za mimba, siku ambazo mikono na miguu huumbwa. Mama aliyeitumia baada ya siku hizo kupita aliweza kuzaa mtoto asiye na kasoro hizo. Hapo ndipo lilipo fundisho: kwa mtoto aliye tumboni, wakati una uzito sawa na kiasi cha sumu.

Risasi hufanya nini?

Risasi hugusa zaidi ya njia moja. Mwaka 2006, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliziweka kampaundi zake zisizo za kikaboni katika kundi la vitu ambavyo yumkini huleta saratani kwa binadamu. Miongoni mwa madhara yake ni kudhoofisha vimeng'enya vinavyorekebisha DNA, hivyo makosa yaliyoletwa na vitu vingine hubaki bila kusahihishwa.

Lakini hatari iliyo wazi zaidi ni kwa mimba na mtoto mchanga. Mwili huidhania risasi kuwa ni chokaa ya mifupa, ukaihifadhi kwa miaka mingi. Mwanamke anapokuwa mjamzito, mifupa yake huachia chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo, ikavuka kondo. Kwa hiyo, sumu iliyoingia mwilini mwa msichana yaweza kumfikia mtoto atakayezaliwa miaka mingi baadaye. Matokeo yaweza kuwa kuharibika kwa mimba, kuzaliwa njiti au kuzaliwa na uzito mdogo.

Ubongo ndio unaoumia zaidi. Mtoto aweza kuzaliwa akiwa na viungo vyote timamu, kisha akachelewa kusema, akashindwa kutulia darasani, au akapungukiwa na uwezo wa kujifunza. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano kuliko watu wazima.

Kutoka jichoni hadi damuni

Machozi hushuka kupitia tundu dogo hadi puani na kooni. Isitoshe, mtoto husugua macho kisha akatia vidole mdomoni. Mwaka 2011, mjini Boston, Marekani, mtoto mchanga wa familia yenye asili ya Nigeria alikutwa na risasi nyingi katika damu. Chanzo kilikuwa tiro, wanja wa Kinigeria, ambao vipimo vilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 yake ilikuwa risasi. Wazazi waliupaka kwa nia njema.

Wanja si chanzo pekee. Katika kijiji cha Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha mwezi Desemba 2024.

Tahadhari

Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa hairuhusu wanja wa aina hii kuuzwa kama kipodozi, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku risasi katika vipodozi. Hata hivyo vikopo husafiri katika mizigo ya wageni na zawadi za jamaa, mara nyingi bila maandishi yoyote ya viungo.

Wataalamu wanashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiutumie wanja usiojulikana umetengenezwa kwa kitu gani. Masizi nayo si kimbilio: tangu mwaka 1775, daktari Percivall Pott wa London alikwisha ona saratani kwa wasafisha mabomba ya moshi. Mzazi mwenye wasiwasi aweza kuomba hospitali ipime damu ya mtoto. Hatua ya kwanza ya tiba ni kukiondoa chanzo, na kwa mtoto aliyepakwa wanja, chanzo hicho kimo mikononi mwa wanaompenda.