Moyo wa mtoto tumboni ukipiga taratibu: Kinga ya mama inaweza kuhusika

Uko kliniki, iwe Musoma, Bunda au Butiama. Mkunga anasikiliza tumbo, anahesabu, anarudia tena. Kawaida moyo wa mtoto tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Huu unapiga 60. Kuna nini?

Sababu zipo kadhaa, ila moja haizungumzwi sana: kingamwili za mama mwenyewe.

Inakuwaje?

Kwenye magonjwa kama lupasi na Sjögren, kinga hugeuka na kushambulia mwili wake. Baadhi ya kingamwili hizo, aina ya Ro na La, hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Zinaweza kuharibu njia inayopitisha umeme wa moyo kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Vyumba vya chini hubaki vikijipigia taratibu.

Mara nyingi hutokea kati ya wiki ya 18 na ya 24. Wapo akina mama wanaobeba kingamwili hizi bila kuumwa chochote.

Usiogope, ila usipuuze

Kati ya wajawazito 100 wenye kingamwili za Ro, ni mmoja au wawili tu ambao mtoto hupata tatizo hili. Aliyewahi kupata mtoto wa hivyo ana hatari kubwa zaidi mimba inayofuata. Dawa ya haidroksiklorokwini, ikianzwa mapema kwa ushauri wa daktari, huipunguza.

Njia ya umeme ikikatika kabisa, haiungi tena. Wengi wa watoto hawa huishi, lakini huhitaji betri ya moyo.

Ufanye nini?

- Anza kliniki mapema, na upige utrasaundi kabla ya wiki ya 24.
- Una lupasi, au macho na mdomo hukauka muda mrefu? Mwambie mkunga. Usijiachishe dawa kisa una mimba.
- Mapigo yakiwa chini ya 110, yapimwe pamoja na ya mama, maana huenda yaliyosikika ni yake. Inaweza pia kuwa mtoto amechoka na anahitaji msaada haraka. Utrasaundi husaidia kutofautisha, ili asizalishwe njiti bila sababu.
- Ukipewa rufaa, nenda. Kutoka Musoma hadi Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, inayoweka betri za moyo, iko Dar es Salaam.

Safari hiyo hupangika vizuri ukijua wiki ya 20, siyo uchungu ukishaanza.