Mzazi Anapoombwa Cheti Mlangoni pa Shule

Ndugu msomaji, tuseme unaye dada, mzaliwa wa Tanga, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaishi na kufanya kazi katika mji wa Reading, nchini Uingereza. Mtoto wake wa miaka 7 anasoma shule ya msingi. Siku moja mwalimu anatangaza kwamba anahitaji wazazi wa kujitolea, wafike kila Jumatano asubuhi kuwasikiliza watoto wakisoma vitabu, maana yeye peke yake hawamalizi. Dada yako, ambaye zamu yake ya kazi ni ya usiku, anajitokeza kwa moyo mkunjufu. Badala ya kupewa kiti na kitabu, anapewa fomu. Aandike majina yote aliyopata kuyatumia tangu azaliwe. Aandike mahali pote alipoishi kwa miaka 5 iliyopita. Alete na pasipoti. Kumbukumbu za polisi zitapekuliwa.

Hapana shaka jioni ile simu italia Tanga. "Mama, huku wananichunguza kama mwizi! Mimi nataka kumsikiliza mtoto akisoma, wao wanataka kujua kama nimepata kufungwa!" Naye mama, kwa sauti ya wasiwasi: "Mwanangu, kwani umewafanyia nini?"

Hajawafanyia lolote. Ila ameingia katika utaratibu ambao chanzo chake ni msiba, na ambao wenyeji wenyewe wamekuwa wakiugombania kwa zaidi ya miaka 20. Inafaa tuutazame, kwani swali lililo ndani yake, la nani aaminiwe kukaa na mtoto wa mwenzake, ni swali la kila mji.

Kwanza tuueleze utaratibu wenyewe. Katika Uingereza na Wales kazi hii hufanywa na idara ya serikali ifahamikayo kwa herufi DBS, iliyoundwa Desemba 2012 kwa kuunganisha ofisi mbili za awali. Idara hiyo hutoa cheti kinachoonyesha makosa ambayo mtu alitiwa hatiani, na katika uchunguzi wa daraja la juu polisi wanaweza kuongeza habari nyingine walizo nazo, hata kama hazikufika mahakamani, ilimradi waone kwamba zina uzito. Ipo pia orodha ya watu waliopigwa marufuku kabisa kufanya kazi na watoto. Mtu wa kujitolea halipi ada ya idara. Cheti hupelekwa kwake mwenyewe, si kwa mwalimu mkuu, naye ndiye anayekichukua kwenda kukionyesha.

Lakini si kila mzazi anayepita langoni anayetakiwa kuwa nacho. Sheria ya 2012 iliweka mpaka: anayekaa na watoto peke yake, bila jicho la mwalimu, mara kwa mara, huyo ni wa kuchunguzwa kikamilifu. Mara kwa mara maana yake ni mara moja kwa wiki au zaidi, ama siku 4 au zaidi katika muda wa siku 30. Anayelala na watoto safarini naye yumo. Bali mzazi anayesaidia huku mwalimu yupo na anamwona aliachwa nje ya sharti hilo, na shule ikaachiwa kupima yenyewe kama iombe cheti au isiombe. Kwa hiyo dada yako akiketi katika pembe ya darasa ni jambo moja. Akimchukua mtoto mmoja mmoja kwenda naye maktaba, na mlango ukafungwa, ni jambo jingine.

MSIBA WA SOHAM

Tarehe 4 Agosti 2002, siku ya Jumapili, wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 walitoka kutembea katika mji mdogo wa Soham, mkoani Cambridgeshire. Hawakurudi. Aliyewaua, Ian Huntley, alikuwa mtunza majengo katika shule ya sekondari ya mji huo, naye alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2003.

Ndipo ikafichuka habari iliyowatia wazazi wa nchi nzima hofu na hasira. Kati ya 1995 na 1999, alipokuwa akiishi upande wa Humberside, mtu huyo alitajwa kwa polisi katika tuhuma 8 tofauti za makosa ya kujamiiana, baadhi zikihusu wasichana walio chini ya umri wa miaka 16. Hakuna hata moja iliyomfikisha kwenye hukumu. Katika baadhi ya mashauri hayo wasichana wenyewe hawakutaka kushtaki. Kila faili likafungwa peke yake, na hapakuwa na mtu aliyeyaweka yote juu ya meza moja ayaone kwa pamoja. Kumbukumbu nyingine hazikutunzwa kabisa.

Alipoomba kazi Soham aliandika jina la Nixon, ingawa fomu ilitaja pia lile la Huntley. Waliopekua daftari kuu la polisi walilitafuta jina la Nixon tu. Jibu likarudi kwamba mtu huyu ni safi.

Yaani, ndugu msomaji, uchunguzi ulifanyika! Watu wengi husahau jambo hili. Husema kwamba Soham ilitokea kwa sababu hapakuwa na ukaguzi. Ukaguzi ulikuwapo, na karatasi ikatoka. Lakini karatasi haiwezi kujua lisiloandikwa, wala kulipata lililoandikwa kwa jina jingine. Tume iliyoongozwa na Sir Michael Bichard ilitoa taarifa yake Juni 2004, na sehemu kubwa ya lawama zake ilielekea hapo: kwenye utunzaji wa kumbukumbu, na kwenye polisi wa mkoa mmoja kutojua wanayoyajua wenzao wa mkoa wa pili. Mwaka 2011 ndipo polisi wa Uingereza walipopata hazina moja ya habari za mikoa yote.

Na kuna jambo jingine la kutia uchungu. Wasichana wale hawakuwa wanafunzi wa shule aliyoajiriwa Huntley. Walimfahamu kwa kuwa mwanamke aliyeishi naye alikuwa amefanya kazi ya msaidizi wa mwalimu darasani mwao. Imani ilipitia kwa mtu mwingine, kama ipitavyo kwetu sote tunaposema, "Ah, huyo si mume wa mwalimu wetu?" Nawaulizeni wazazi wenzangu, ni fomu gani itakayoziba mwanya huo?

WALIPOTAKA KUMCHUNGUZA KILA MTU

Baada ya msiba serikali ilipitisha sheria ya 2006, ikapanga kumsajili kila mtu anayekutana na watoto katika kazi au katika kujitolea. Hesabu ya awali ilikuwa watu milioni 11.3. Wapishi, makocha, madereva wa mabasi ya shule, wazazi wa kusindikiza watoto: wote hao.

Mwaka 2009 kelele zikazuka. Waandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, akiwamo Philip Pullman, walisema kwamba ni afadhali wasikanyage tena shuleni kuliko kulipa pauni 64 ili wathibitishiwe kwamba si watu wabaya. Baadhi ya wasomaji waliwaona kuwa watu wa majivuno. Mimi naona walikuwa na neno. Mtu anapoambiwa kila siku kwamba jirani yake ni wa kutiliwa shaka mpaka karatasi iseme vingine, mwisho wake mzazi mwema hubaki nyumbani, na mwalimu hubaki peke yake na watoto 30 wanaongoja kusikilizwa. Juni 2010 serikali mpya iliusimamisha mpango huo kabla usajili haujaanza, na sheria ya 2012 ikaupunguza ukawa kama nilivyoeleza hapo juu.

Hata hivyo mjadala haukuishia hapo. Oktoba 2022 tume nyingine kubwa, iliyochunguza udhalimu wa kijinsia dhidi ya watoto, ilishauri kwamba yeyote anayefanya kazi au kujitolea na watoto mara kwa mara aweze kuangaliwa katika orodha ya waliopigwa marufuku, hata kama yuko chini ya jicho la mwalimu. Hoja hiyo ina nguvu zake, maana mtu mwenye nia mbaya hahitaji kufungiwa na mtoto siku ile ile. Anahitaji kuzoeleka tu. Mengine huyafanya njiani, au siku ya Jumapili.

Upande wa pili yuko anayeumizwa na cheti chenyewe. Mwaka 1999 mwanamke mmoja nchini humo, asiye na makao na mwenye ugonjwa wa akili uliokuwa haujatambuliwa, alionywa na polisi kwa kuiba mkate uliotiwa kitoweo. Miezi michache baadaye akatiwa hatiani kwa kuiba kitabu cha thamani isiyofika pauni moja, na kwa kutofika mahakamani. Baadaye alipata nafuu, akasomea kazi ya msaidizi wa mwalimu. Kila alipoomba nafasi, mkate ule na kitabu kile vilitangulia mbele yake. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kanuni ya kuyafichua moja kwa moja makosa ya mtu aliyetiwa hatiani zaidi ya mara moja, hata yakiwa madogo na ya zamani, haikuwa ya haki, na Novemba 2020 kanuni zikarekebishwa. Mzazi aliyeteleza ujanani kwa njaa asiwekwe safu moja na mla watoto.

NA SISI JE?

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi atasema kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha na mashine. Kwetu mzazi hujulikana. Ni baba Asha wa nyumba ya tatu. Ni mama Juma wa kikundi cha kufa na kuzikana. Si uongo. Lakini mtaa wa leo si ule wa wazee wetu. Wapangaji huhama kila baada ya miezi 6, watoto huchukuliwa alfajiri na gari la shule ambalo dereva wake tunamjua kwa jina la utani tu, na jioni huenda twisheni nyumbani kwa mtu tuliyeelekezwa na mtu.

Vyeti hata kwetu vipo. Polisi wa Tanzania hutoa hati ya tabia njema baada ya kuchukua alama za vidole, na Kenya vilevile. Mtanzania aliyehamia Uingereza huweza kutakiwa na mwajiri wake kuituma kutoka nyumbani, kwa kuwa DBS haina uwezo wa kufungua majalada ya nchi nyingine. Nchini Kenya, Tume ya Kuajiri Walimu huwafuta kwenye sajili walimu waliopatikana na makosa hayo na kuyatangaza majina yao. Lakini mzazi wa kujitolea hayumo katika sajili ya walimu, wala dereva, wala mlinzi wa geti.

Tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, si upungufu wa fomu. Ni sebule. Binti wa darasa la nne anasema neno kwa mama yake. Mama analia, baba anatoka na panga, wajomba wanamshika. Kikao kinakaa. Mtuhumiwa ni jamaa, au ni mtu wa heshima, au ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Mazungumzo yanafanyika, kitu kinatolewa, binti anapelekwa kwa bibi yake. Kisha yule bwana anahamia mtaa mwingine akiwa na kitabu cheupe kabisa. Miaka 2 baadaye mwalimu wa huko anatafuta mzazi wa kuwasindikiza watoto Bagamoyo kutazama magofu ya Kaole. Hata tungekuwa na idara kama ile ya Waingereza, ikaulizwa habari zake asubuhi, mchana ingejibu kwamba ni mtu safi, na wala isingekuwa imesema uongo.

Tanzania inayo sheria kali ya makosa ya kujamiiana tangu 1998, yenye kifungo cha miaka 30 kwa ubakaji. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayedhulumiwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Vituo vya polisi vimewekewa madawati ya jinsia na watoto, ambako mama na binti yake husikilizwa pembeni, mbali na kaunta yenye kelele. Lakini kikao cha sebuleni huamuliwa kabla mtu hajakumbuka kwamba dawati hilo lipo. Mzee wa kikao akisema "tusiaibishane", ni nani kati yetu aliyewahi kunyanyuka na kumjibu?

Turudi Reading kwa dada yako, ambaye bado ameishika kalamu. Amekwama kwenye nafasi ya majina. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi Salim. Shuleni Tanga mwalimu alimwandika Mwana Salimu. Pasipoti imeongeza jina la babu, na kazini wenzake wamelifupisha wanavyojua wao. Anamuuliza mama yake kwa simu aandike lipi.

Mwambieni ayaandike yote.