Mate Yanaweza Kufichua Ugonjwa wa Fizi

Ugonjwa wa fizi huanza bila maumivu, na wengi hugundua jino likiwa limeshalegea. Ndiyo maana watafiti wamegeukia mate. Bakteria wanapojikusanya kando ya jino, seli nyeupe za damu hutoa protini iitwayo MMP-8, ambayo huvunja kolajeni inayoshikilia jino. Protini hiyo ikiongezeka kwenye mate, ni dalili kwamba fizi zinaharibika. Kipimo chake huchukua dakika chache, ingawa hakichukui nafasi ya daktari wa meno.

Wakazi wanahimizwa kupiga mswaki mara 2 kwa siku. Anayetokwa na damu kwenye fizi, hasa mwenye kisukari, afike kituo cha afya mapema. Uvimbe wa fizi hutibika; mfupa ulioliwa ni vigumu kuurudisha.