Twende Kisiwani Majani Yanapopukutika

Kila mwaka, karibu na mwisho wa mwezi wa Oktoba, shule nyingi za Uingereza hufungwa kwa muda wa wiki moja. Wiki hiyo ni fupi mno kwa safari ya nyumbani, na ni ndefu mno kwa watoto wanaoshinda ndani ya fleti. Aghalabu hupita bure: baba yuko zamu ya usiku, mama anahesabu siku za shule kufunguliwa, bibi amekaa dirishani akitazama mvua, na watoto wameinamia simu zao. Kwa desturi yetu sisi tuliohamia huku, likizo ina maana moja tu, nayo ni kwenda nyumbani. Na kwa kuwa nauli ya watu watano au sita kwenda Mombasa, Unguja au Dar es Salaam si mchezo, likizo hiyo huja baada ya miaka mitatu, minne au zaidi. Katikati ya safari hizo hakuna kitu.

Hatusemi kwamba safari ya nyumbani iachwe. Tunasema kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa kwa siku mbili tatu za kisiwani, na kwamba wakati unaofaa ni huu ambao wengi hudhani haufai: siku za baridi inayoanza, majani yanapopukutika na watalii wa kiangazi wamekwisha kurudi makwao. Visiwa vidogo havikosekani katika nchi hii. Katika makala haya tumechagua kimoja, Lindisfarne, kiitwacho pia Holy Island, yaani Kisiwa Kitakatifu, kilichopo pwani ya Northumberland karibu na mpaka wa Uskoti. Tumekichagua kwa sababu bahari yake ina tabia ambayo wazee wetu wanaijua kabla hawajaiona.

KISIWA MARA MBILI KWA SIKU

Lindisfarne si kisiwa saa zote. Maji yapwapo, uwanda mpana wa mchanga na matope hutokea kati yake na bara, na magari hupita juu ya barabara ya lami iliyojengwa hapo mwaka 1954. Maji yajaapo, barabara humezwa, na wakazi wa kisiwa, ambao hawafiki 200, hukatika na ulimwengu hadi bahari irudi nyuma. Kwa kawaida njia hufunguka kiasi cha muda wa saa tatu baada ya maji kujaa kabisa, na hufungika kiasi cha saa mbili kabla hayajajaa tena. Hayo hutokea mara mbili kila siku, usiku na mchana, na hakuna mkubwa wala mdogo anayeweza kuomba afunguliwe.

Mtu wa Pate akisikia habari hii atatabasamu, kwa maana anaijua kwa upande wa pili. Mashua itokayo Lamu kwenda Pate hungoja maji yajae ndipo ipite Mkanda. Mwenye gari wa Lindisfarne hungoja maji yapwe. Kanuni ni ile ile: msafiri huiuliza bahari kwanza, ndipo apange safari yake. Vivyo hivyo mama wa Paje au Jambiani aliyelima mwani hahitaji kufundishwa kwamba kazi yake ilifuata bamvua, wala mvuvi wa pweza haambiwi ni siku zipi miamba huwa mitupu.

Hapa ndipo ilipo sababu yetu kubwa. Katika miji hii tuishimo, wazee wetu wamekuwa kama mabubu. Hospitalini mjukuu ndiye anayewasemea, benki mjukuu, kwenye mashine ya tiketi mjukuu. Mtoto wa miaka kumi hufasiri maneno ya daktari kwa bibi yake, na pole pole, bila ya kukusudia ubaya, huanza kuamini kwamba bibi hajui kitu. Mpelekeni bibi huyo ufukweni mwa Lindisfarne, mumwulize mwezi una siku ngapi na maji yatakuwaje. Atawaambia kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana; kwamba siku ya saba na ya nane, na tena ya 22 na ya 23, ni maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haiji karibu; kwamba kila siku maji huchelewa kuliko jana yake kwa muda usiopungua sana saa moja. Kisha mtoto na afungue jedwali lililochapwa na halmashauri ya Northumberland, aone kwamba kile alichokisema bibi kimo humo kwa tarakimu: kila siku hesabu husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Siku hiyo mkalimani ni bibi, na lugha inayofasiriwa ni ya bahari.

Na msimu huu unafaa zaidi kwa somo hilo. Bamvua zilizo kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na nyakati ambazo usiku na mchana hulingana, yaani mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, na nguvu yake huendelea hadi Oktoba. Aendaye wakati huo huyaona maji yakitenda kazi yao waziwazi.

MFALME ALIYEKUWA MKALIMANI

Sababu ya pili ni historia ya mahali penyewe. Mwaka 635 mtawa aitwaye Aidan alifika Lindisfarne kutoka Iona, kisiwa kidogo cha magharibi ya Uskoti, kwa mwaliko wa Mfalme Oswald. Mwanahistoria Bede, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 731, ameeleza kwamba Aidan hakukijua vyema Kiingereza cha watu wa pale. Kila alipohubiri, mfalme mwenyewe alisimama akawafasiria wakuu na watumishi wake. Mfalme aliijuaje lugha ya mgeni? Aliijua kwa sababu naye alikuwa mkimbizi: baada ya baba yake kuuawa, aliishi miaka mingi uhamishoni miongoni mwa watu wa lugha hiyo, akakua kwao.

Wasomaji wetu wana dini mbalimbali, na kila mmoja atakisoma kisa hiki kwa imani yake. Lakini watoto wetu, ambao huona haya wanapoitwa ofisini kuwafasiria wazazi wao, wanastahili kukisikia. Katika nchi hii hii, karne nyingi kabla ya pasipoti na viza, mfalme alifanya kazi wanayoifanya wao, na haikumpunguzia cheo.

Kisiwani hapo ndipo kilipoandikwa, mwanzoni mwa karne ya nane, kitabu cha Injili chenye nakshi na rangi kinachohifadhiwa leo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Maandishi yake ni ya Kilatini, na karne ya kumi padri mmoja aliongeza kati ya mistari tafsiri ya Kiingereza cha zama zake. Wale waliosoma vitabu vyenye Kiarabu juu na Kiswahili chini wataitambua kazi hiyo mara moja. Mwaka 793 kisiwa kilishambuliwa na maharamia wa Kiviking, na mwaka 875 watawa waliondoka, wakachukua na mwili wa askofu wao, Cuthbert. Magofu ya mawe mekundu yaonekanayo leo ni ya nyumba ya watawa iliyojengwa baadaye, na ngome ndogo iliyo juu ya mwamba ni ya karne ya 16. Chini ya ngome hiyo watoto hupenda kutazama mashua kuukuu zilizopinduliwa, zikafanywa mabanda ya kuwekea vyombo.

WAGENI WENGINE WA MSIMU HUU

Sababu ya tatu ni viumbe. Kuanzia Septemba, bata bukini wadogo, weusi kwa juu na wenye matumbo meupe, huwasili kutoka visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa ya Norwei, ili wapitishe baridi katika matope ya Lindisfarne, ambamo hula majani yaotayo chini ya maji. Pamoja nao huja ndege wengi wa pwani. Miongoni mwao yumo sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye huonekana pia katika pwani zetu za Afrika Mashariki wakati wa kaskazi. Mzee aliyemjua Mtwapa au Chwaka atamtambua hata kabla ya kuvaa miwani yake. Sili nao hujilaza kwenye mafungu ya mchanga, na mlio wao wa kuomboleza husikika kijijini siku isiyo na upepo. Katika visiwa jirani vya Farne, sili huzaa mwisho wa vuli ya huku, na watoto wao huwa weupe kama pamba.

Hayo yote hayana kiingilio. Ni kutazama tu, kwa utulivu na kwa mbali, bila ya kuwasogelea wanyama wala kuwarushia chakula.

GHARAMA NA MATAYARISHO

Treni kutoka London King's Cross hufika Berwick-upon-Tweed kwa muda wa saa nne hivi au pungufu, bila ya kubadilisha. Atokaye Newcastle hutumia chini ya saa moja. Tiketi zikinunuliwa mapema, pamoja na kadi ya punguzo kwa familia, bei hushuka sana. Kutoka Berwick mabasi ya kisiwani ni machache na saa zake hufuata maji, kwa hiyo ulizeni kwanza. Familia mbili au tatu zikikodi gari kubwa kwa pamoja, mzigo huwa mwepesi.

Malazi ya kisiwani si mengi. Ni rahisi zaidi kupanga nyumba moja upande wa bara, Berwick, Bamburgh au Seahouses, kisha kuvuka mchana. Bei za vuli kwa kawaida huwa chini kuliko za Agosti, isipokuwa kwamba wiki ya likizo yenyewe hupanda kidogo. Wale wasio na watoto wa shule, hasa wazee wetu, waende Septemba au katikati ya Novemba. Ngome na magofu hupunguza saa za kufunguliwa baridi ikikaribia, basi hakikisheni kabla hamjaondoka.

Msitegemee kupata nyama ya halali kisiwani. Nunueni Newcastle, mpike wenyewe. Sambusa na chupa ya chai ya tangawizi zimekwisha kuokoa safari nyingi. Chukueni makoti yasiyopenya upepo, soksi za akiba, na viatu visivyoogopa matope. Kumbukeni pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma. Baada ya siku hiyo jua huzama huko kiasi cha saa kumi na nusu, na sala za adhuhuri na alasiri hukaribiana mno.

TAHADHARI YA MAJI

Tumeliweka jambo hili karibu na mwisho ili lisisahauliwe. Kila mwaka yapo magari yanayokwama katika njia ya Lindisfarne, na wenyewe hupanda kibanda cha kujiokolea kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakangoja mashua ya uokozi itoke Seahouses. Aghalabu si watu wasiojua. Ni watu walioliona jedwali, wakasema, "Tutawahi." Maji ya pale hayaji kwa wimbi la kutisha, huenea taratibu juu ya mchanga ulio sawa, na mtu huyaona yakiwa kifundoni wakati mbele yamekwisha kufika kiunoni.

Basi shikeni mambo manne. Someni jedwali la siku ile ile, wala si la jana. Andikeni saa za kuvuka kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pamoja, kwa maana baba asomaye 3 na mama asemaye saa tatu wanaweza kuachana kwa muda wa saa sita, na kosa hilo hapo si la kuchekea. Wiki ya kubadilisha saa, hakikisheni jedwali linatumia saa ipi. Na njia ya zamani ya miguu, kama maili tatu juu ya mchanga, iliyowekewa nguzo ndefu, isiendwe ila maji yakiwa yanapwa, mchana kweupe, pamoja na mtu aijuaye.

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Watoto wetu wameisikia methali hii katika harusi na matanga, wakaichukua kuwa ni maneno ya faraja tu. Hawajapata kusimama mahali wakangoja yapwe, njaa ikiwauma, barabara ikitoka majini kipande kwa kipande, na babu akiwaambia, "Bado kidogo." Wazee wanaoweza kuwaambia hivyo wangali nasi, katika fleti zetu, lakini hawatakuwa nasi daima. Oktoba ijayo, kabla ya kuangalia bei za tiketi, waulizeni mwezi utakuwa na siku ngapi wiki ya likizo, na mpange safari kwa hesabu yao.