Ngitili zina la kuwafunza wanaopambana na zebaki

Mwaka 1986 Bunge lilipitisha Sheria Namba 7 iliyounda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mwaka huohuo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Ubunifu unapotajwa, wengi hufikiria maabara, watafiti na mashindano ya wagunduzi. Lakini ofisa wa serikali anayetaka kujua sera ya ubunifu inavyogeuka kuwa kazi ya kila siku atajifunza mengi zaidi kwa HASHI. Somo hilo linahitajika sana leo Geita, ambako wachimbaji wadogo wanatakiwa kuachana na zebaki.

Shinyanga haikukauka kwa siku moja. Misitu ilifyekwa kwa miongo mingi ili kuondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka na ng'ombe wakaongezeka. Miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, familia nyingi ziliacha nyuma ngitili zao. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza ili nyasi na miti vikue, kisha hulifungua kiangazi kinapokuwa kikali. Mwalimu Nyerere alipoizuru Shinyanga mwaka 1984 alishtushwa na ukame wa ardhi aliyoiona, na HASHI ikazaliwa kutokana na mshtuko huo.

Mwanzoni maofisa walifanya walichokizoea: walianzisha vitalu, wakagawa miche na kuwahimiza watu wapande. Baadaye wakageukia ngitili, jambo ambalo wanavijiji walikuwa wanalijua tayari. Hapo ndipo ubunifu wenyewe ulipo, kwani serikali ilibadili namna yake ya kufanya kazi. Ofisa misitu aliacha kuwa mgawa miche, akawa mshauri wa kijiji. Kanuni zilijadiliwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu wakasimamia ulinzi. Sheria ndogo za vijiji na halmashauri zikayapa makubaliano hayo nguvu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zikaimarisha haki ya wananchi juu ya kile walichokitunza.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Utafiti uliofanyika mwishoni mwa mradi ulikadiria kuwa kuni, malisho, dawa, asali na mazao mengine ya ngitili yalimpa kila mtu thamani ya dola 14 za Marekani kwa mwezi. Tuzo ya Equator ambayo HASHI ilipata mwaka 2002 ilikuja juu ya faida ambayo mwanakijiji alikuwa ameshaiona nyumbani kwake.

Sasa tuitazame Geita. Wilaya ya Bukombe ilikuwa sehemu ya Shinyanga wakati wa HASHI, hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Huko mawe husagwa kwenye makarasha, mchanga wake huoshwa, kisha zebaki hutiwa ili ishikane na dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, na mvuke wake huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa watoto walio karibu. Marudio yanayobaki hupelekwa kwenye mitambo ya sianidi yakiwa bado na zebaki ndani yake. Mkoa huu unapakana na Ziwa Viktoria, na samaki wa ziwa hilo huliwa kote Kanda ya Ziwa.

Serikali haijakaa kimya. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata, unaolenga kudhibiti zebaki, mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limejenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente. Mwaka 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mwaka huohuo wachimbaji wadogo waliondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani na kodi ya zuio. Hatua hiyo ilifuata mantiki ya HASHI, kwa sababu kufuata sheria kulianza kuwa na faida kwa mchimbaji mwenyewe.

Kwa zebaki bado hatujafika hapo. Mwenye mifuko michache ya mawe anahitaji fedha leo, na zebaki humpa dhahabu leo. Mtambo mkubwa unahitaji tani nyingi na siku kadhaa. Tukipiga marufuku bila kuziba pengo hilo, uchomaji utahamia jikoni na vyumbani, mahali ambapo mkaguzi haingii.

Njia ya HASHI inatuelekeza kwa mwenye mawe kwanza. Halmashauri ziwezeshe vikundi vya wachimbaji na wanawake wanaoponda mawe kukusanya mawe yao, wapimiwe na mtu wanayemwamini, na walipwe sehemu ya thamani siku hiyohiyo wakati mtambo usiotumia zebaki ukiendelea na kazi. Fedha za kuanzia zipo: tangu marekebisho ya sheria ya 2017, migodi mikubwa hukubaliana na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa uwajibikaji kwa jamii. Afisa Madini Mkazi, baraza la mazingira NEMC, Mkemia Mkuu wa Serikali na afisa afya wa wilaya wawe na mpango mmoja na shabaha moja, badala ya kila mmoja kufika machimboni kwa siku yake na fomu yake. Wachimbaji wanaofanya kazi ndani ya leseni za wengine nao wawe na mikataba iliyoandikwa, kwa sababu asiye na uhakika wa duara lake, yaani shimo analochimba, hawezi kuwekeza katika njia bora.

HASHI ilidumu miaka 18, hadi 2004, na ilipewa nafasi ya kujisahihisha njiani. Geita inastahili uvumilivu huohuo. Kazi ya kuondoa zebaki iingizwe kwenye bajeti za kawaida za halmashauri na kwenye majukumu ya kudumu ya maofisa wake, ili fedha za kuanzia zitakapokwisha, kazi iendelee.