Silabi na Shadda katika Vitenzi vya Kiswahili

Mwanafunzi wa Bujumbura anapoandika *Simba alimkula mbuzi*, walimu wengi hukata sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuendelea na somo. Kosa limeonyeshwa, ila sababu haikuelezwa, kesho litarudi. Sababu yenyewe imo katika silabi na shadda.

1. Kugawa silabi

Silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu: so-ma, a-na-so-ma. Irabu mbili zikifuatana, kila moja huwa silabi: ka-ta-a, chu-ku-a. Viyeyusho w na y haviundi silabi peke yake: pi-gwa. Kiambishi cha mtendwa -m-, kikitangulia konsonanti, huwa silabi kamili. Kwa hiyo a-me-m-pa ina silabi nne. Hapa msemaji wa Kirundi hujikwaa: lugha yake ina *umuntu* pale Kiswahili kinaposema *mtu*, naye huongeza irabu na kusema *amemupa*.

2. Mahali pa shadda

Shadda ya kitenzi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi kikinyambuliwa, shadda huhama: SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHE-a. Katika Kihispania, *hablo* (ninasema) na *habló* (alisema) hutofautishwa kwa shadda. Kirundi hutofautisha maneno kwa toni na urefu wa irabu. Kifaransa nacho huweka mkazo mwishoni mwa fungu la maneno, na anayekizoea huweza kusema *anaso-MA*. Katika Kiswahili, shadda haibadilishi njeo ya kitenzi, lakini huathiri umbo lake, kama tutakavyoona.

3. Vitenzi vya silabi moja

Shina -la lina silabi moja tu; hivyo shadda huiangukia silabi iliyo kabla yake. Viambishi -na-, -li-, -ta-, -me-, -nge- na kirejeshi -ye- haviwezi kuibeba. Ndipo ku- huletwa isaidie: a-na-KU-la, a-li-ye-KU-la. Viambishi vingine huweza, na ku- haihitajiki: HA-li, a-KI-la, a-KA-la, ha-JA-la. Kiambishi cha mtendwa pia huweza: a-li-M-la. Katika *alimkula*, basi, mzigo ni mmoja na wachukuzi ni wawili. Sentensi sahihi ni *Simba alimla mbuzi*.

Darasani, waagize wanafunzi wapige kofi kwa kila silabi, na kofi la nguvu kwenye shadda. Sikio likishazoea, kanuni hukumbukwa kwa urahisi.

Zoezi

1. Gawa silabi na uonyeshe shadda: wamekunywa, wakinywa, hawajanywa, nimempa.
2. Kwa nini ku- imo katika *wamekunywa* na haimo katika *wakinywa*?
3. Mwanafunzi ameandika: *Chai waliikunywa yote*. Sahihisha, kisha mweleze sababu kwa maneno atakayoyaelewa.